Kuandika kitabu, kublogu na kujibu watu bila kuwehuka

Mhusika wangu alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, kwa siku kumi na tisa. Sio kwamba hadithi ilitaka hivo, ni mimi ndo nilimtelekeza pale. Nilikuwa nimeandika "Akashika kitasa, lakini hakukizungusha", alafu nikasema ngoja nicheki kama kuna mtu katoa komenti kwenye posti ya jana, na kweli ilikuwepo, tena tamu, nikajibu, naye akajibu, nikaenda kuchungulia yeye anaandika nini, nikakuta ana posti kali kuhusu kitu ambacho hata mi nilikuwa nakiwaza, nikakomenti kule, nikarudi kwangu nikaona mbona hii mada inatoa posti nzima, nikaiandika. Jioni nikajipongeza kwamba leo nimeandika sana. Kesho yake vilevile. Nilipokuja kushtuka siku kumi na tisa zimekatika, blogu ina posti sita mpya, inboksi haina hata meseji moja ambayo haijajibiwa, na yule bwana bado kashika kitasa.

Kwa hiyo haya maelekezo yanatoka kwa mtu aliyechemsha kwanza. Na nilichokuja kugundua ni kwamba muda nilikuwa nao, tena wa kutosha tu. Shida ni kwamba sura ya kitabu, posti, komenti na zile meseji ndefu za "habari mwandishi, samahani kwa usumbufu" vyote vinachota kwenye mtungi mmoja. Mtungi wenyewe unajaa polepole usiku, na asubuhi anayewahi kata ndo anakunywa maji safi. Ukiiwahisha blogu, kitabu kinaachiwa mashapo. Na kitabu hakilalamiki, hapo ndo penye mtego, manake komenti isipojibiwa inakaa na alama yake nyekundu inakukodolea macho, ila mswada ukiususa mwezi mzima hautoi hata mlio.

Basi vitu vyote nitakavyosema hapa chini ni namna tu ya kupanga nani anawahi kata.

Mswada kwanza, kabla hujawa mtu wa watu

Kabla hujafungua simu, andika. Sio baada ya "kucheki mara moja tu", hakuna mara moja kwenye simu. Simu ikae chumba kingine, na usinidanganye kwamba umeigeuza kifudifudi hapo mezani, mi nimejidanganya hivo miaka. Kama unaandikia kompyuta zima intaneti, kama unaandikia daftari ndo bora zaidi.

Kiasi gani? Kidogo kuliko unavyofikiri. Chukua maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, hiyo ni 1,500. Kwa wiki 50 ni maneno 75,000, yani rasimu nzima ya riwaya, na wiki mbili za kuumwa au kusafiri nimekuachia. Maneno 300 ni kama ukurasa na kidogo. Wengi wetu tunashindwa kwa sababu tunapanga 2,000, siku ya pili tunapata 400, tunajiona wazembe, tunakimbilia kwenye blogu ambako kuna watu wa kutusifia.

Kuna Mwingereza mmoja wa karne ya 19, Anthony Trollope, huyu alikuwa mfanyakazi wa posta, kazi ya kuajiriwa kabisa, na bado aliandika riwaya 47. Alikuwa anakaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake ya mfukoni iko mbele, anajitoza maneno 250 kila robo saa, alafu ndo anaenda kazini. Mtumishi wake alilipwa pesa ya ziada kila mwaka kwa kazi ya kumwamsha tu. Mi huo mwendo wa 250 kwa robo saa siuwezi na sikushauri, ila kuna kitu chake kimoja nimekiiba: nusu saa ya kwanza alikuwa anasoma alichoandika jana. Mimi nafanya dakika tano tu, nasoma kurasa mbili za mwisho kwa sauti ya chini, na ile sauti ya hadithi inarudi yenyewe bila kuanza kuitafuta.

Kingine ni pa kusimamia. Usiache pale ulipoishiwa, acha pale ambapo bado unajua kinachofuata, mwandishi Mmarekani Hemingway naye alikuwa anafanya hivo. Sasa hivi kabla sijafunga daftari naandika mstari mmoja chini kwa kalamu nyekundu, kwa mfano "anafungua, ndani hakuna mtu ila redio inaongea". Kesho asubuhi sina haja ya kuwaza, naandika hiyo redio. Ningekuwa na kamstari kama haka ile siku ya kitasa, yule bwana angeshaingia ndani kitambo.

Najua kuna mtu anasema mi asubuhi siwezi, nina watoto, nina shifti ya usiku. Sawa. Nikisema asubuhi namaanisha kabla ya watu, hata kama kwako kabla ya watu ni saa nne usiku wakiwa wamelala. Mwandishi Mmarekani Toni Morrison alikuwa mhariri kwenye kampuni ya uchapishaji na analea watoto wawili wa kiume peke yake, alikuwa anaiba ile alfajiri kabla hawajaamka. Saa yenyewe sio ishu. Ishu ni kwamba usiwe umeshaongea na mtu yeyote mtandaoni kabla yake, kwa sababu ukishaongea kichwa kinabaki na maneno ya watu, unaandika mazungumzo ya wahusika wako huku nusu ya akili inamjibu yule aliyekupinga jana kwenye komenti.

Blogu yako ipo kwa kazi gani?

Jibu hili kwa sentensi moja, kwa maandishi, bandika ukutani. "Blogu yangu ipo ili..." Ukishindwa kumalizia, hapo ndo pesa na usingizi wako vinapopotelea.

Wengine blogu yao ipo ili wasomaji wawajue kabla kitabu hakijatoka. Wengine wanafanyia mazoezi, na hiyo ni sababu nzuri tu. Wengine wanatafuta wenzao wa kuongea nao kuhusu uandishi kwa sababu nyumbani hakuna anayeelewa kwa nini mtu mzima anakaa kimya anatazama ukuta. Yangu ilikuwa hiyo ya tatu, nikawa naiendesha kana kwamba ni ya kwanza, kila siku nahesabu vyuu, yani posti imefunguliwa mara ngapi, alafu nashangaa kwa nini naichukia.

Ukijua sababu, mambo mengi yanajikata yenyewe. Kama unatafuta wenzako huna haja ya posti tatu kwa wiki, una haja ya posti moja nzuri inayofungua maongezi, na siku mbili za kukaa nayo ukijibu watu. Mi naweka moja kila wiki ya pili. Kuna aliyenitisha kwamba nisipopost kila siku watu watanisahau, na kweli waliopita njia walinisahau, waliobaki ndo wale wanaosoma mpaka mwisho.

Sasa kitu cha muhimu kweli: usitoe kitabu chenyewe kwenye blogu. Nina sababu mbili.

Ya kwanza ni hamu. Ukilisimulia tukio lote kwenye posti, watu wakasema wow, mwili unahisi kazi imeisha. Nimeua hadithi mbili kwa njia hii, nilizielezea vizuri mno hadi zikaniishia mdomoni. Hadithi ni kama siri ya mtu, ukiitoa kabla ya wakati haina pa kurudi. Sa hivi wakiniuliza unaandika nini nasema "kuna bwana kashika kitasa", basi.

Ya pili ni haki za uchapishaji, na hapa watu wanaumia sana. Majarida mengi ya fasihi na mashindano mengi yanataka kazi ambayo haijachapishwa popote, na kwao "popote" ni pamoja na blogu yako yenye wasomaji kumi na wanne. Umeweka hadithi fupi mtandaoni kwa furaha, mwaka ujao linatangazwa shindano linaloifaa kabisa, unasoma masharti, unakuta umeshajifungia mlango. Na kuifuta hakusaidii sana, masharti mengine yanasema wazi "haijawahi kuchapishwa", sio "haipo sasa hivi". Kwa hiyo hadithi unayoipenda iweke kwenye faili, soma masharti kwanza, blogu ipe vingine.

Vingine gani? Mabaki. Kitabu chochote kinazalisha mabaki mengi kuliko kitabu chenyewe: aya ulizokata, majina uliyoyaacha, swali lililokusumbua wiki nzima, mambo uliyosoma kwa ajili ya ukurasa mmoja. Nikuonyeshe posti yangu moja ilivyopatikana. Kwenye sura ya nne nilikuwa na hii sentensi:

"Chumba kilijaa huzuni nzito iliyotanda kila kona na kumfanya ajisikie mpweke kuliko siku zote."

Niliichukia ila sikujua kwa nini. Nikaikata, nikaandika tena mara nne au tano, ikaishia hivi:

"Mezani kulikuwa na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa na vumbi."

Haya, posti ndo hiyo. Nikaweka sentensi ya kwanza, nikaweka ya pili, katikati nikaeleza nilivyohangaika, kwamba huzuni hukuwa na haja ya kuitaja, msomaji akiona kikombe chenye vumbi anajua kuna mtu hayupo. Maneno kama 350, dakika arobaini, na sikuchota kitu kwenye mtungi wa kesho kwa sababu kazi yenyewe nilishaifanya kwa ajili ya kitabu. Watu walikomenti kuliko posti zangu zote za "mambo saba ya kuzingatia". Mmoja akaandika sentensi yake mwenyewe ya huzuni, wengine wakamsaidia kuikata, ikawa kama darasa, mi nikawa nasoma tu.

Kwa hiyo weka daftari au faili pembeni liite mabaki, kila ukikata kitu kizuri au ukikwama kwa namna ya kuchekesha, tupia humo. Siku ya posti hukai unatafuta mada, unafungua ndoo.

Na usiandike posti siku unayoitoa. Mi naandika mbili au tatu kwa mkupuo, siku moja ya mwisho wa juma, alafu naziwekea tarehe zijitoe zenyewe, zile programu za kublogia, Blogger na WordPress, zote zina hicho kitufe. Ukiwa na posti tatu akiba unalala vizuri sana, na siku kitabu kimeshika moto huna haja ya kukizima ili ukaihudumie blogu.

Watu sasa

Hapa ndo patamu na ndo penye balaa, kwa sababu komenti na meseji sio kelele, kuna mtu kule upande wa pili katumia dakika zake, na wengine wamekuwa marafiki zangu wa kweli kuliko baadhi ya niliosoma nao. Sisemi uwakimbie. Nasema uwape saa yao.

Saa yao kwangu ni mara mbili kwa siku, mchana baada ya kula kama nusu saa na jioni kama dakika ishirini, nje ya hapo notifikesheni zimezimwa zote, hata kile kinamba chekundu juu ya ikoni nimekiondoa. Wiki ya kwanza mkono unaenda wenyewe mfukoni, utadhani una kunguni. Wiki ya tatu unasahau. Na hakuna aliyekufa. Malenga wa zamani walijibizana kwa mashairi gazetini, mmoja anatupa swali kwa beti, mwenzake anasubiri toleo lijalo au la baada ya hapo ndo anajibu kwa vina, na malumbano yalinoga hivohivo. Sisi tukichelewa masaa manne tunaandika "samahani sana kwa kuchelewa".

Sio komenti zote zina uzito mmoja. "Nice" au kidole gumba, weka laiki, songa. Swali la kweli, jibu kwa ukamilifu, hata kama ni kesho, na mara nyingine jibu likiwa refu usilimalizie pale, lihamishie kwenye ndoo ya mabaki iwe posti, umwambie aliyeuliza "umenipa posti, subiri". Anayekupinga kwa hoja, huyo mbebe kama yai, ndo anakusoma kwa makini kuliko mashabiki. Anayetukana, futa, hakuna cha kumweleza, blogu ni baraza lako na wewe ndo unatandika mkeka. Nilishawahi kupoteza jioni mbili kubishana na mtu ambaye nilikuja kugundua hakuifungua posti, alisoma kichwa cha habari tu.

Upande wa wewe kwenda kwa wengine, watu wanakosea kwa kuwa wengi wanaenda kuvua samaki. "Kazi nzuri ndugu, tembelea na kwangu", alafu linki. Hiyo hata wewe ukiletewa unajua ni chambo. Jaribu hivi: chagua waandishi watano tu, sio hamsini, wasome kweli, na ukikomenti taja kitu kimoja ambacho mtu asiyesoma asingeweza kukitaja. "Pale yule mama anapokunja kanga upya ingawa ilishakunjwa, nilisimama nikarudia. Uliijua hiyo mapema au ilikuja ukiwa unaandika?" Komenti kama hii inachukua dakika tatu na mwenye kazi anaikumbuka mwaka mzima, manake ndo kitu alichokesha nacho na hakuna mwingine aliyekiona. Sio lazima aje kwako. Akija, anakuja kama mtu, sio kama namba.

Kumwandikia mwandishi aliyekutangulia nako kuna namna. Kosa langu la kwanza niliandika meseji ya kurasa mbili, historia yangu yote tangu darasa la tano, mwisho nikaambatanisha mswada. Hakujibu, na hata mimi nisingejibu. Ya pili kwa mtu mwingine ilikuwa na mistari mitano: nimesoma nini chake, kimenifanyia nini, swali moja dogo linalojibika kwa mistari miwili, shukrani, na "usipopata nafasi ya kujibu ninaelewa kabisa". Huyu alijibu siku hiyohiyo, akanipa jina la mhariri.

Alafu kuna siku na wewe utakuwa wa kutangulia, hata kama umetangulia hatua moja tu, na miswada itaanza kuingia. "Naomba unisomee, kina kurasa 240 tu." Hii usipoipangia jibu mapema itakumaliza, aidha utasoma ya watu usiandike yako, au utaahidi usisome, na hilo la pili linaumiza zaidi kwa sababu mwenzako anahesabu siku. Mimi nina jibu nimelihifadhi, nalirekebisha kidogo kulingana na mtu:

"Asante kwa kuniamini na kazi yako. Kwa sasa siwezi kusoma mswada mzima na sitaki kukuahidi alafu nikae nao. Ukinitumia ukurasa wa kwanza peke yake nitausoma na kukwambia kwa ukweli kama ningefungua wa pili, na kwa nini. Kila la heri."

Nusu yao hawatumi huo ukurasa. Wanaotuma nawasoma kwa raha kabisa, na ukurasa mmoja unafundisha pande zote mbili.

Ila zaidi ya hao wote tafuta mmoja au wawili wa kubadilishana kurasa. Sio grupu, mtu. Mi na mwenzangu tunatumiana kurasa tano kila baada ya wiki mbili, siku inajulikana, na tuna sheria tatu: unasema ulipochoka kusoma, unasema ulichotaka kujua zaidi, husemi wewe ungeiandikaje. Hiyo ya tatu ndo imeokoa urafiki. Shaaban Robert, ambaye alikuwa karani serikalini miaka mingi na bado akatuachia vitabu vyote vile, alikuwa anamwandikia barua mdogo wake Yusuf Ulenge, tangu 1931 mpaka 1958, hata zikaja kuchapishwa kitabu. Nikifikiria hilo naona aibu ya zile jioni nilizokuwa nagawa "asante sana mkuu" sitini kwa watu sitini nikidhani ndo kujenga mahusiano.

Kuhusu magrupu ya waandishi kwenye WhatsApp sina mengi. Baki kwenye moja, lizimie sauti, ingia jumamosi. Grupu lenye "asubuhi njema" 80 na picha za maua halikufanyi uwe mwandishi.

Usijenge nyumba yote kwenye kiwanja cha mtu

Hili nalipitia haraka. GeoCities, ambako watu walikuwa wanajitengenezea kurasa zao, ilifungwa 2009 kwa sehemu kubwa ya dunia na kurasa za watu zikaenda nayo. Google Reader, ambayo watu wengi ndo walikuwa wanasomea blogu, ilizimwa 2013. Mtandao wa kijamii wa Google+ nao 2019. Kwa hiyo posti zako zote ziwe na nakala kwenye kompyuta yako, na wasomaji wako wa dhati waombe barua pepe, orodha ndogo tu, barua moja kwa mwezi, iwe na njia rahisi ya kujitoa. Na ukituma mwenyewe kwa mkono hakikisha anwani za watu hazionekani kwa wengine, nimeshapokea barua ya mwandishi mmoja iliyokuja na anwani za watu mia mbili wazi juu, na baadhi yao wakaanza kuuziana vitu humohumo. Watu arobaini waliokupa barua pepe wenyewe wana faida kuliko mafolowa elfu nne ambao programu inaamua leo ikuonyeshe kwao au isikuonyeshe.

Ratiba ikigoma

Nisikudanganye kwamba kwangu inaenda kama saa. Ikienda vizuri wiki yangu ni siku tano za mswada asubuhi, siku moja ya mabaki na posti, siku moja sigusi chochote, na watu wanapata zile zamu zao mbili za mchana na jioni. Ikienda kama ilivyo kawaida, jumatano kuna kitu kimeharibika. Nilichojifunza ni kuamua mapema nini kinakatwa kwanza, ili siku ya dhiki usianze kutafakari. Kwangu kinakatwa hivi: kwanza mitandao mingine yote, pili posti (ile akiba si ipo), tatu komenti, nne kurasa za mwenzangu, na mswada wa mwisho kabisa, na hata huo sikati wote, nashusha kutoka maneno 300 hadi sentensi moja. Sentensi moja inaonekana utani, lakini hadithi ikipata hata sentensi moja kwa siku haipoi, na isipopoa huna haja ya siku tatu za kuiwasha upya.

Kipimo ni rahisi pia. Mwisho wa mwezi fungua daftari la mswada na blogu, angalia tarehe. Kama blogu ina tarehe nyingi kuliko daftari, mwezi ujao blogu inafunga mpaka daftari liipite. Usitumie hisia kupima, hisia zinasema umeandika sana hata ulipoandika komenti tu, mimi ni shahidi.

Na ukihitaji kuondoka kabisa, labda unamalizia rasimu, labda umechoka tu, usipotee kimya alafu urudi na posti ndefu ya kuomba radhi, zile posti hazina anayezipenda, hata anayeziandika. Weka kaposti ka mistari mitatu kabla hujaondoka: naingia kumalizia sura za mwisho, sitapost wala kujibu kwa wiki sita, nitarudi tarehe fulani, komenti ziko wazi ongeeni nyie kwa nyie. Weka tarehe ya kweli, sio "hivi karibuni". Mi nilifanya hivo mwaka ambao yule bwana wa kitasa alipata kuingia ndani hatimaye, na niliporudi sikuanza na posti mpya, nilianza na komenti za chini kabisa, zile za zamani. Kuna mmoja aliniuliza mwezi wa pili kwa nini kikombe cha pili hakikuoshwa. Nikamjibu mwezi wa nne, akanijibu ndani ya dakika kumi, "nilijua utakuja".